Kadi Mbili na Ndimu Moja

Benki haitoi cha bure. Fawzia alilijua hilo tangu siku ya kwanza alipoingia benki pale Blacktown, Australia, akakuta kalamu ya mezani imefungwa mnyororo. Mtu anayekufungia kalamu ya senti thelathini, alizoea kusema, ukimwona anakuja na zawadi mkononi, shika mkoba wako vizuri.

Kwa hiyo wenzake wa mchezo walishangaa, mwisho wa Juni mwaka 2021, kumsikia Fawzia huyohuyo akiwaambia kwenye simu ya video kwamba amepata njia ya kuila benki kwa kijiko cha benki yenyewe. Walidhani lockdown imeshampanda kichwani, na hata wiki haikuwa imetimia.

Mchezo wao ulikuwa wa watu wanane. Kila mwezi kila mtu alitoa dola mia mbili, mmoja akapokea zote, zamu kwa zamu, kwa namba walizookota mchezo ulipoanza. Fawzia, mtu wa Tanga, ndiye aliyekuwa kijumbe, mkusanyaji na mtunzaji wa pesa za watu, na kijumbe hachaguliwi kwa uzuri wa sura. Wengi wa wenzake walikuwa Warundi waliokulia kambini Kigoma. Mwanamume alikuwa mmoja tu, Mzee Callixte, msafisha treni ambaye zamani alifundisha hesabu. Aliingia kuziba nafasi ya marehemu mkewe, na daftarini namba yake bado iliandikwa "Mama Diane", kwa kuwa mwenyewe alikataa ifutwe. Katika mchezo alijulikana kwa swali moja, ambalo aliliuliza asubuhi, mchana na jioni: "Risiti iko wapi?"

Hali ilikuwa mbaya. Hoteli ambayo Fawzia alikuwa akifua mashuka yake ilifunga milango. Nyumba moja iliruhusiwa kutoa mtu mmoja tu kwa siku kwenda dukani, na huko dukani foleni ilizunguka mpaka kwenye maegesho, watu wakisimama juu ya alama za miguu zilizobandikwa chini kama watoto wa chekechea. Kila mmoja aliogopa. Aliyepiga chafya aliangaliwa kama mwizi.

"Sikilizeni," Fawzia akasema. "Badala ya nyumba nane kwenda dukani mara nane, tununue pamoja. Mchele, unga, mafuta, kuku. Kila mtu anitumie oda yake na pesa yake siku hiyohiyo. Pesa inaingia kwenye akaunti, lakini dukani tunalipa kwa kadi ya mkopo."

"Eeh!" Mzee Callixte akakohoa, akimwita Fawzia kwa jina la bintiye. "Kadi ya mkopo, Mama Suad? Hiyo ni panya. Inauma, inapuliza."

"Inamuuma asiyelipa. Sisi pesa tutakuwa nayo tayari."

Akawaeleza taratibu, maana alikuwa amekaa siku mbili na karatasi za benki na miwani ya mumewe Saif. Kulikuwa na kadi ya mkopo iliyomrudishia mteja dola nne kwa kila mia aliyonunulia chakula, kwa bili tatu za kwanza. Na kulikuwa na akaunti ya benki hiyohiyo iliyotoa zawadi ya dola hamsini kila mwezi, mradi ziingie angalau elfu mbili na ufanyike ununuzi mara tano. Pesa za oda zingeingia kwenye akaunti, kwa hiyo elfu mbili zingepatikana bila jasho. Kila tarehe ishirini bili ya kadi ikija, angeilipa yote, hadi senti ya mwisho, na benki isipate riba hata ya kununua peremende. Halafu nne kwa mia zingerudi kwenye akaunti ileile. Kadi ilishe akaunti, na akaunti ilipe kadi.

Suala la riba lilikuwa limemnyima raha kwanza. Alipiga simu benki mara tatu, kwa watu watatu tofauti, kuuliza kama zile hamsini ni interest. Wote walimjibu ni reward, akaunti haina interest. Wa tatu alianza kumwonea huruma, akamwambia, "No interest at all, madam, I'm so sorry." Fawzia akamshukuru kwa furaha ambayo yule kijana hakuielewa.

"Na faida?" Callixte akauliza.

"Faida isiguswe mpaka tukae wote tuamue."

"Andika hivyo."

Akaandika. Mali bila daftari huisha bila habari.

Sasa, nani angekwenda dukani? Hapo ndipo Anésie alipofungua kipaza sauti chake. "Mimi niko natoka kila siku kwa kazi," alisema. "Nina permit, nina gari langu la Tarago. Nitabeba ya wote."

Anésie alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee Toongabbie. Aliwaogesha, aliwalisha, aliwageuza kitandani wasipate vidonda. Lakini Burundi alikuwa muuguzi kamili mwenye cheti, na hata kambini alizalisha wanawake kwa mwanga wa tochi. Ili awe muuguzi Australia alibakiwa na kitu kimoja tu, mtihani wa Kiingereza wa wauguzi. Ada yake ilikuwa dola mia tano themanini na saba, na mwisho wa kujiandikisha Ijumaa, tarehe ishirini na nne Septemba, saa kumi na moja jioni. Akiukosa huo, ukaguzi wa vyeti vyake ungeisha muda wake Desemba, naye aanze upya tangu alifu: barua Bujumbura, mihuri, tafsiri, miaka miwili.

Pesa hiyo hakuwa nayo. Watoto wanne, kodi, na mama yake aliyebaki kambini. Zamu yake ya mchezo ilikuwa ya nane, ya mwisho. Ya Septemba ilikuwa ya Jerusha, aliyedaiwa kodi ya miezi miwili, na Anésie alisema hawezi kumwomba mtu mwenye shida amwazime zamu.

Fawzia alijaribu kumpa. Alikwenda na bahasha, akasimama kwenye kijia cha nyumba, barakoa usoni.

"Hapana, dada."

"Kopa basi, shoga yangu. Utanilipa."

"Dada Fawzia, kambini nilikaa miaka kumi na minne. Miaka kumi na minne niko nasimama na bakuli, mtu ananipimia. Mahindi ya kupewa, mafuta ya kupewa, hata sabuni. Nilishiba ya kupewa. Ile examen nitalipa na pesa yangu, ao niiache."

Fawzia alirudi na bahasha yake, na moyo ulimuuma. Maana mwaka uliotangulia, mama yake Fawzia alipofariki Tanga, mipaka ikiwa imefungwa, ndege hakuna na wageni hawaruhusiwi kuingia nyumbani, Anésie alikuja na kiti cha plastiki akakiweka nje chini ya dirisha. Akakaa hapo siku tatu, kila siku baada ya kazi, na koti lake, ili tu Fawzia akitazama nje aone mtu. Deni la namna hiyo halilipiki. Lakini kulitazama tu bila kufanya kitu, Fawzia hakuweza.

Kwa hiyo alimchukulia Anésie kadi ya pili ya ile kadi ya mkopo, yenye jina lake, na kazi ikaanza.

Julai yote Tarago kuukuu ilizunguka. Anésie alitoka kazini saa tisa, akaenda dukani na orodha, akalipa kwa kadi, akapita mlango kwa mlango, akashusha mizigo, akabonyeza kengele na kurudi nyuma hatua nne. Risiti alizipiga picha akazituma kwenye kundi. Callixte alizijumlisha kwa kichwa na kujibu kwa dole gumba. Tarehe ishirini Fawzia alilipa bili yote, na dola mia moja sitini na nne zikarudi kwenye akaunti. Wanawake walipiga vigelegele kwenye simu mpaka jirani wa Fawzia akagonga ukuta.

Halafu ikaja tarehe moja Agosti, siku ya zile hamsini. Fawzia alifungua simu baada ya sala ya alfajiri. Hakuna. Akafungua adhuhuri. Hakuna. Alasiri akampa simu binti yake Suad, aliyekuwa amejifungia chumbani na masomo ya mtandaoni.

"Mum, you did zero purchases."

"Zero vipi? Anésie kanunua mara arobaini!"

"Yeah, but with the credit card. It has to be this account's own card. Where's the card?"

Kadi ya akaunti ilikuwa kabatini, imefungwa kwenye leso, chini ya shuka za sikukuu. Haijawahi kuona jua. Bibi yake Fawzia alikuwa kijumbe Ngamiani, Tanga, na alimfundisha kwamba pesa za watu huzigusi hata kwa kununulia kiberiti, kwani amana haidonolewi. Basi mjukuu alishika mafundisho, akaiweka amana mbali na mkono wake mwenyewe, na kwa uaminifu wake akawapotezea watu dola hamsini. Angekuwa mwizi kidogo tu, wangezipata.

Alilia. Si kwa ajili ya hamsini peke yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameshapiga hesabu yake ya siri: nne kwa mia za bili tatu, na hamsini mbili za Julai na Agosti, zingevuka mia tano themanini na saba na chenji ibaki. Kwa hamsini moja pekee, hesabu ingebana mno. Na alipaswa kuwaambia watu.

Aliwaambia. Callixte akasema, "Kijumbe aliyekosa kwa kuogopa kula ni afadhali kuliko aliyepatia kwa kula. Lakini Agosti usikose tena."

Hakukosa. Tarehe mbili Agosti Fawzia alivaa barakoa, akaenda supamaketi na orodha ya oda za watu. Kama amana haidonolewi, basi amana ijinunulie vya kwake. Oda ya Jerusha ilikuwa na ndimu. Akachukua ndimu moja, akaenda kwenye mashine ya kujilipia, akagusisha kadi: senti tisini. Risiti. Akatoka nje, akarudi kwenye foleni, akasimama juu ya alama za miguu, akaingia, akachukua kitunguu kimoja. Risiti. Akarudi tena. Pilipili hoho ya Callixte. Risiti. Mara ya nne, kwa tangawizi, mlinzi wa mlangoni alikuwa ameshaanza kumhesabu. Mara ya tano, akiwa na kipande cha boga, mama wa Kizungu anayesimamia mashine alimsogelea kwa upole.

"You know you can pay for it all at once, love?"

"I know," Fawzia akamjibu. "But my bank doesn't know."

Yule mama alicheka mpaka akalazimika kushika barakoa yake. Fawzia akatoka kifua mbele, na mboga tano mfukoni, kama aliyetoka kuposa. Risiti tano zikaenda kwenye kundi, na madole gumba matano yakarudi.

Agosti walinunua zaidi, kwa kuwa lockdown iliongezwa na watoto walikuwa nyumbani wakila bila kituo. Bili ya tarehe ishirini ilirudisha mia moja themanini na nne. Tarehe moja Septemba, Fawzia akiwa bado kwenye msala, simu iliita mlio mdogo: dola hamsini, reward. Alisujudu tena, sijda ya shukurani, na ndani yake akaiombea benki mema, jambo ambalo hakuwahi kudhani litamtokea.

Tarehe mbili Septemba alikwenda tena kufanya manunuzi yake madogo. Alifanya manne. Suad alipomkumbusha la tano alimwambia lina mahali pake, asiulize.

Tarehe ishirini Septemba, bili ya tatu: mia moja tisini na mbili. Fawzia akajumlisha mara tatu, akampa Saif ajumlishe, akampa Suad. Mia moja sitini na nne, na mia moja themanini na nne, na mia moja tisini na mbili, na hamsini moja. Dola mia tano tisini kamili. Ada ya mtihani ilikuwa mia tano themanini na saba.

Zipo. Lakini si zake, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Zilikuwa za watu wanane, na kijumbe hagawi cha watu kwa huruma yake. Zilihitaji kauli ya wote. Na hata wakikubali kumpa Anésie, Anésie angekataa, kwani kupewa na watu wanane si tofauti na kupewa na mmoja. Bakuli ni lilelile.

Alhamisi tarehe ishirini na tatu, saa moja jioni, nyuso nane zikajipanga kwenye simu. Fawzia akasoma hesabu. Kisha akasema, "Faida ni mia tano tisini. Kuna mwenzetu ana mtihani, na mwisho wa kulipa ni kesho. Ningependa tumpe yeye. Semeni."

"Hapana," Anésie akasema kabla ya mtu yeyote. "Asante, lakini hapana. Iyi pesa ni ya wote."

Mzee Callixte alivaa miwani. "Anésie kasema kweli. Ni ya wote. Mia tano tisini kwa watu wanane ni dola sabini na tatu na senti sabini na tano kila mmoja. Hiyo ndiyo haki."

Jerusha aliangalia chini. Fawzia akamchukia mzee yule pamoja na miwani yake. Lakini ilikuwa haki kweli.

"Sijamaliza," Callixte akasema. Akafungua daftari, akaliinua mbele ya kamera, kurasa zimejaa mistari midogo ya wino wa buluu. "Hiyo ni hesabu ya kwanza. Sasa ya pili. Tangu tarehe ishirini na nane Juni hadi juzi ni wiki kumi na mbili. Kila wiki mzigo umefika kwenye milango saba, ukitoa mlango wake mwenyewe. Saba mara kumi na mbili, themanini na nne. Dukani nimeuliza: kukuletea mzigo mlangoni wanatoza dola nane. Themanini na nne mara nane ni mia sita sabini na mbili." Akamtazama kila mtu, kama darasani. "Nimetafuta risiti tuliyomlipa mchukuzi. Risiti iko wapi?"

Akafunga daftari.

"Haipo, kwa sababu hatujamlipa. Tumekula jasho la mtu wiki kumi na mbili. Kwa hiyo hakuna faida ya kugawana hapa. Tunadaiwa mia sita sabini na mbili, tunazo mia tano tisini. Anésie, hatukupi kitu. Tunakulipa, na bado tutabakiwa na deni lako la dola themanini na mbili. Uwe na subira nasi."

Fawzia alishika mdomo kwa mikono miwili. Anésie alifungua kinywa akatafuta pa kukatalia. Akapatafuta juu, akapatafuta chini. Mshahara haukataliwi. Machozi yakamtoka, halafu kicheko, vyote kwa pamoja, na mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Basi mulipe. Na hiyo themanini na mbili sisahau."

Kwa vigelegele vilivyopigwa jioni ile, jirani aligonga ukuta mpaka akachoka mwenyewe.

Kesho yake saa nne asubuhi, Anésie alisimama nje ya dirisha la Fawzia, palepale alipoweka kiti cha plastiki mwaka uliopita, simu mkononi, ukurasa wa mtihani umefunguka. Fawzia alifungua dirisha, akatoa kadi ya akaunti kwenye leso, akamsomea namba moja moja. Anésie aliziingiza, akabonyeza. Duara likazunguka. Likazunguka sana. Kisha likaja neno moja la kijani, na tarehe ya mtihani, na jina lake kamili.

"Ya tano," Fawzia akasema.

"Tano nini, dada?"

"Mwezi huu nilinunua mara nne tu. Ya tano nilikuwekea wewe nafasi tangu tarehe mbili."

Anésie alimtazama kupitia uwazi wa dirisha. Hawakuruhusiwa kukumbatiana. Akaweka kiganja kwenye kioo, na Fawzia akaweka chake upande wa pili.

Tarehe moja Oktoba benki ilitoa hamsini zake kwa wakati. Callixte akaamuru zipelekwe kwenye deni, likabaki la dola thelathini na mbili, ambalo alilikusanya mwenyewe, dola nne kila mtu, isipokuwa Anésie, maana hakuweza kujidai mwenyewe. Wanawake walilipa bila kubishana, na hesabu ile haikujumlika sawasawa mpaka Callixte alipoongeza nne za mwisho kwa jina la Mama Diane.

Mtihani Anésie aliufanya nyumbani, mbele ya kompyuta ya shule ya mwanawe, mlango umefungwa kwa kiti. Majibu yalikuja Novemba, siku moja mchana, watu wakiwa wamesharudi makazini. Fawzia alikuwa hotelini, mikono ndani ya mashuka ya moto, simu ilipotikisika mfukoni. Aliifungua kwa kidole gumba.

Ilikuwa picha ya barua kwenye kundi. Alama zote nne, za kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza, zilikuwa juu ya zile zinazotakiwa. Na chini yake, kabla mtu yeyote hajaandika neno, Anésie alikuwa ameandika: "Mzee Callixte, risiti hii hapa."